Kiwanja Namba Kumi na Saba

Ottumwa, Iowa
9 Februari 1997

Dada yangu Lavonne,

Hujambo wewe na goti lako? Sisi huku wazima, ila bwana harusi wangu Duane ana mafua aliyoyaokota kanisani, na theluji imefika shingoni mwa kisanduku cha barua. Nimeichimbua mwenyewe ili hii iondoke kesho. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunagombana kabla ya dakika tano, na safari hii nataka tufike mwisho wa mazungumzo.

Habari yenyewe: tumenunua gari-nyumba. Usicheke. Najua nilichokuwa nasema miaka yote, kwamba mtu mwenye akili zake hachukui choo akakiendesha barabarani. Sasa choo ninacho, tena kina kioo. Kuna jiko la mafiga matatu, kitanda nyuma, kingine juu ya kichwa cha dereva, na meza inayogeuka kuwa kitanda cha tatu, ingawa sijui cha nani. Limesimama uani chini ya turubai. Kila siku baada ya chakula cha mchana Duane anaingia, anawasha redio na kushika usukani. Juzi nimempelekea kahawa humo, akanifungulia mlango. "Panda, bibie, tumeshaingia Colorado." Umri wake sitini na nane.

Juni tunataka kwenda Tolliver Ford. Ndiyo, hifadhi yenu ileile ya mtoni. Nakuomba daftari la marehemu shemeji Merle, lile aliloandika kila kitu cha safari, nilisome kisha nikurudishie. Uniambie pia mlikuwa mnakaa kiwanja namba ngapi.

Na unifundishe ishara za mikono. Nakumbuka siku mliyopita hapa kwa Mama. Merle akarudi rivasi kati ya gari la jirani na bomba la maji, wewe umesimama nyuma hukufungua mdomo, mikono tu. Watu walitoka barazani kutazama. Duane na mimi tulijaribu jana kulisogeza gari futi kumi. Tukanuniana hadi chakula cha jioni.

Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Arlys

*

Rolla, Missouri
17 Februari 1997

Mdogo wangu Arlys,

Barua yako imefika tarehe 14. Mpe Duane pole ya mafua. Goti la kulia liko kama lilivyokuwa, na la kushoto limeanza kulifuata. Presha yangu mara ya mwisho ilikuwa 138 kwa 80. Usingizi naupata.

Kuhusu Tolliver Ford. Simu za kuomba nafasi zinafunguliwa tarehe mosi Machi saa moja kamili asubuhi. Usipige saa moja na dakika tano. Anayepokea ni Bi Tackett wa langoni, na ataongea nawe vizuri usipomharakisha. Namba witiri ziko upande wa mto, namba shufwa ziko kilimani. Msichukue 21 hadi 25, ziko karibu na vyoo. Kuni za langoni ni mbichi. Chukueni zenu nyumbani. Kambare wanakula asubuhi, kwenye maji ya polepole chini ya daraja.

Sisi tulikuwa tunakaa 17. Kivuli kinakifikia saa nane mchana. Kwenu ningechagua 31. Kiko mtoni vilevile, na ni kirefu zaidi.

Daftari la Merle halitoki humu ndani. Ukiwa na swali, uliza, nitalifungua na kukujibu. Ishara hazifundishiki kwa barua.

Dada yako,
Lavonne

*

Ottumwa
2 Machi 1997

Dada Lavonne,

Unaendeleaje? Magoti yote mawili nayasalimia. Mimi nimeamka na furaha tangu jana, hata mafua ya Duane yamenihamia na sijali.

Tumepata 17!

Ulipoandika "kwenu ningechagua 31" nikajua hapohapo kwamba 17 ndiyo yenyewe. Nakufahamu, dada. Ulikuwa hivyohivyo na mwanasesere wako. Ulinitafutia mwingine mwenye nywele ndefu zaidi ili nisiguse wako.

Saa moja kamili nilikuwa na simu ya jikoni, Duane ana ya chumbani kwa jirani. Laini imejaa, imejaa, imejaa. Saa mbili kasoro dakika nane nikampata Bi Tackett wako.

"Gari lako refu kiasi gani, mama?"

"Ishirini na tisa. Imeandikwa ubavuni kwa rangi ya dhahabu."

"Kumi na saba mwisho wake futi thelathini."

"Basi nimebakiwa na futi nzima ya kuanikia soksi za mume wangu."

Alicheka hadi akakohoa. Nimemtajia jina lako, akasema, "Dada yake Lavonne? Yule aliyekuwa akiandika gazetini habari za mahakama? Aliwahi kunisahihisha tarehe ya kuzaliwa kwangu."

Tumeandikwa Ijumaa tarehe 6 hadi Ijumaa tarehe 13 Juni, wiki yenu. Swali langu ni moja, na wewe ndiye mwenye daftari. Hiyo futi moja inatutosha, au kuna jambo silijui?

Mdogo wako mwenye furaha,
Arlys

*

(Haikutumwa)

Rolla
10 Machi 1997

Mdogo wangu Arlys,

Natumaini mafua yamekuachia.

Kuna jambo hulijui. Namba iliyoandikwa ubavuni si urefu wa gari. Ni jina ambalo kiwanda kimelipatia gari, na wanaolitoa hawahesabu bampa, wala ngazi ya nyuma, wala tairi la akiba linaloning'inia. Letu liliandikwa 24. Merle alilipima uani kwa utepe kutoka ncha ya mbele hadi ngazi: futi ishirini na sita na inchi nane. Ni mstari wa kwanza wa daftari. Lenu likiwa 29, nakadiria futi thelathini na mbili. Haliingii 17.

Pua itabaki barabarani, na pale ni kwenye kona. Bi Tackett hataruhusu. Mkizidi kurudi nyuma mtakuta gogo, na nyuma ya gogo ukingo ulikatika katika mafuriko ya 1993. Mwaka uliofuata niliona mwenyewe. Kutoka gogo hadi hewani zimebaki futi nne, na hizo ni mchanga.

Piga simu leo, mchukue 31.

Nilipokutajia 31 mara ya kwanza sikuwa nafikiria urefu wa gari lolote. Nilikuwa nafikiria Duane amekaa kwenye kiti cha turubai chini ya mti wetu, amenyoosha miguu, anaagiza kahawa. Gari niliuza. Mume nilizika. Kilichobaki ni kwamba hakuna mtu mwingine wa familia hii aliyewahi kulala pale. Miaka yote ulitucheka. Sasa ndani ya miezi sita umepata mume, gari na kiwanja, na unaniomba na mikono yangu pia.

Duane ni fundi. Apime.

Dada yako,
Lavonne

*

Rolla
11 Machi 1997

Mdogo wangu Arlys,

Natumaini mafua yamekuachia. Mimi sijambo.

Nimeiona hesabu yako. Kiwanja 17 kinaruhusu futi thelathini, kama Bi Tackett alivyokuambia. Duane ametengeneza matrekta miaka arobaini, bila shaka anajua vipimo vya gari lake. Chukueni kipande cha zulia mkiweke mlangoni. Mchanga wa pale unaingia kila mahali.

Dada yako,
Lavonne

*

Ottumwa
20 Aprili 1997

Dada Lavonne,

Salamu kutoka uani, ambako nimekaa ndani ya gari nashona mapazia. Sisi hatujambo. Wewe je? Hukuniambia kitu kuhusu goti, nikajua umekasirika.

Barua yako ya Machi nilimsomea Duane. Akasema: "Huyu dada yako anaandika kama askari anayejaza fomu ya ajali. Tumemkosea nini?" Nikamwambia hatujamkosea, tumepata 17 tu.

Unaona wivu, Lavonne? Sema. Hakuna mtu atakayekufunga.

Mimi nilikuwa nao, na nitakuambia wa kiasi gani. Tangu 1978 hadi alipofariki nimekaa na Mama miaka kumi na mitatu. Mume wangu wa kwanza aliondoka mwaka wa pili, akisema nyumba inanuka dawa, na hakusema uongo. Kila Juni ilikuja kadi yako kutoka Tolliver Ford. Picha ya daraja, na nyuma maneno yaleyale: "Hatujambo. Mto uko vilevile." Mama alikuwa ananiambia niibandike kwenye friji aweze kuiona akiwa kitini. Basi naibandika, beseni mkono wa pili. Nilikuwa naomba mvua iwanyeshee. Mvua ya mawe, wiki nzima.

Kadi hizo ninazo zote, ishirini na moja tangu ya 1974, kwenye kisanduku cha viatu. Hata ya mwisho, ya 1994. "Mto uko vilevile." Ndiyo maana nataka 17, sitaki 31. Nataka nikae palepale nione kilikuwa kitu gani hicho.

Tunaondoka Alhamisi tarehe 5 Juni alfajiri, tutalala Hannibal. Nimeomba ishara zote, umekataa. Nipe moja basi, ile ya kusimama. Zingine tutazitunga njiani.

Mdogo wako,
Arlys

*

Rolla
4 Juni 1997

Mdogo wangu Arlys,

Natumaini hamjambo na maandalizi yanakwenda.

Leo nimelifungua daftari la Merle nikaona jambo linalowahusu. Namba ya ubavuni si urefu kamili. Haihesabu bampa, ngazi wala tairi la akiba. Pimeni gari kwa utepe kabla ya kuingia 17. Likizidi thelathini, ombeni kiwanja kingine. Nyuma ya gogo pana ukingo uliolika.

Safari njema.

Dada yako,
Lavonne

*

Ottumwa
18 Juni 1997

Lavonne,

Nakuandikia kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo nitaandika machache na wewe utasoma polepole. Wa kulia umevunjika mahali pawili. Duane hajambo. Nimekuuliza hali? Uko mzima, najua.

Tulifika Ijumaa saa tisa mchana. Kweli kivuli kilikuwepo. Duane akarudi rivasi hadi tairi zikagusa gogo, pua bado ipo barabarani. Magari matatu yakawa yanangoja nyuma ya kona. Bi Tackett akaja na kigari chake. "Mama, ama liingie lote ama litoke. Hapa pakitokea moto gari la zimamoto linapita wapi?" Nikaona aibu. Watu walikuwa wameshatoa viti wakae watutazame. Nikamwambia Duane arudi kidogo tu.

Nilisimama nyuma, katikati, kati ya gari na mti. Nilidhani ndipo mtu anaposimama. Hakuniona kwenye kioo hata kimoja. Tairi la kulia lilipanda gogo likateremka upande wa pili, mchanga ukamegeka, gari likaja lote. Nilipiga kelele. Injini ilikuwa inanguruma, hakusikia. Nikaruka ukingoni, nikaangukia mkono. Ngazi iligonga mti pale nilipokuwa nimesimama. Nimepiga picha, lakini sikutumii. Unaweza kupima alama.

Trekta lilituvuta. Bi Tackett akalipima gari kwa utepe wake: thelathini na moja na inchi kumi. Duane alikaa kwenye ngazi ya mlango saa nzima. Anasema ni kosa lake, kwamba fundi haamini maandishi. Nimemwacha aseme.

Tuliporudi, barua yako ilikuwa kwenye kisanduku. Muhuri wa posta wa tarehe 4, tukaondoka tarehe 5. Simu yako iko jikoni, ukutani karibu na friji. Naijua hiyo simu.

Wewe ulikuwa unawauliza mahakimu maswali. Mimi ninalo moja. Ulijua lini?

Arlys

*

Rolla
23 Juni 1997

Mdogo wangu Arlys,

Pole ya mkono. Natumaini mifupa imekaa sawa na maumivu yamepungua.

Nilijua tarehe 6 Machi, siku niliyopokea barua yako yenye namba 29. Sikuhitaji kufungua daftari. Tarehe 10 niliandika barua yenye kila kitu, nikaiweka kwenye droo ya vijiko. Nimeiambatanisha. Sijabadilisha neno. Ile ya tarehe 11 niliyokutumia haina uongo hata sentensi moja, na niliipanga iwe hivyo.

Ya tarehe 4 Juni ina uongo mmoja, pale niliposema nimeona siku hiyo.

Kuhusu simu. Barua ya Rolla haijawahi kufika kwako kabla ya siku ya pili, na wewe uliniandikia siku na saa ya kuondoka. Nilichagua barua kwa sababu isingewahi, na kwa sababu ningeweza kusema niliandika. Tarehe 6 nilikuwa na siku nzima. Hifadhi iko mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapa. Niliosha madirisha.

Sikufikiria kwamba ungesimama nyuma ya gari. Nilifikiria mtageuzwa langoni, muone haya kidogo, mpelekwe kilimani. Hicho ndicho nilichokitaka. Uliniomba ishara ya kusimama peke yake. Ningekupa hiyo, ungejua mahali pa kuweka miguu.

Wivu ninao. Ulikuwa umeuliza tangu Aprili.

Na kadi ya 1994 si kweli. Ukingo ulikuwa umekatika, na Merle alikuwa hawezi tena kushuka hadi majini. Aliketi juu, nikamletea maji kwenye ndoo achovye miguu. Niliandika nilichokuwa nimezoea kuandika.

Dada yako,
Lavonne

*

Rolla
28 Septemba 1997

Mdogo wangu Arlys,

Natumaini hujambo, na Duane pia. Nakadiria bandeji ya plasta imeshatolewa.

Hii ni barua ya tatu tangu Juni. Hazijarudi, kwa hiyo najua zinafika. Sikulazimishi kujibu. Nilikwenda Tolliver Ford Jumanne iliyopita. Nilipima alama kwenye mti. Iko futi tatu na inchi nane kutoka chini, usawa wa kifua chako.

Dada yako,
Lavonne

*

Rolla
20 Februari 1998

Mdogo wangu Arlys,

Natumaini barua hii inawakuta wazima wote wawili. Huku baridi imeshika, na magoti yamekubaliana kuuma kwa zamu.

Kwenye kifurushi hiki kuna daftari la Merle. Si la kurudisha. Simu zinafunguliwa tarehe mosi Machi, ni Jumapili mwaka huu, lakini Bi Tackett atakuwepo.

Zifuatazo ni ishara.

Usisimame kamwe nyuma ya gari. Simama upande wa dereva, hatua sita nyuma ya bampa na hatua tatu pembeni, mpaka uyaone macho yake kwenye kioo. Usipoyaona macho yake, yeye hakuoni, na ukipotea kwenye kioo yeye anasimama palepale, asubiri. Hiyo mpatane kabla ya kuwasha injini. Merle aliapa kwa hilo, na mara moja alisimama dakika kumi kwa sababu nilikuwa nimekwenda kuongea na mtu.

Kiganja wazi kifuani: njoo. Unakisogeza kuelekea kwako polepole kadiri unavyotaka gari liende. Mkono mmoja ukinyooka kando: mkia uende upande huo. Hauelezi usukani, usukani ni kazi yake. Ngumi mbili zikikaribiana: umbali uliobaki.

Kuvua kofia: simama. Hakuna ishara nyingine ya kusimama. Usipige kelele, hata ukiona nini. Vaa kofia kila safari, hata pasipo na jua. Ukiirudisha kichwani: zima injini, tumefika.

Zamani nilikuambia hazifundishiki kwa barua. Zimechukua nusu ukurasa.

Fanyeni mazoezi uani. Wekeni ndoo nne zenye maji badala ya miti. Mkigonga ndoo, anayegonga anaijaza.

Dada yako,
Lavonne

*

(Kadi ya posta, picha ya daraja)

Tolliver Ford, kiwanja namba 31
8 Juni 1998

Dada Lavonne,

Sisi hatujambo. Mkono unafanya kazi, ila unanitabiria mvua. Tumeingia 31 kwa mara moja. Duane hakusema neno, mimi sikusema neno, kofia nilivua mara moja tu. Bi Tackett alisimamisha kigari chake kutazama.

Kwenye 17 wapo mke na mume kutoka Arkansas. Kigari chao kifupi, futi ishirini na mbili, kimekaa pale kama kilizaliwa pale. Saa nane kamili kivuli kinawafunika, sisi bado tunaungua. Mume amenyoosha miguu anaagiza kahawa. Nawatazama tangu Ijumaa, na siwapendi.

Jana yule mama amekuja na keki ya matufaha mekundu. "Nimekuona ukimwingiza mumeo kwa mikono mitupu. Nifundishe, dada yangu, mimi na wangu tunatukanana kila kituo." Keki tumeila yote. Nimemwambia ishara ni za dada yangu, yuko Rolla, mkali sana, hatoi.

Wanaondoka Jumapili. Kitanda cha mezani nimeshakitandika. Njoo umkatalie mwenyewe.

Mto hauko vilevile. Umekula futi moja nyingine upande wenu.

Mdogo wako,
Arlys